Kahawa ya Pistoni na Kidole cha Papa

Nyumbani kwetu hatukutia sukari kwenye kahawa; tulitia kahawa kwenye sukari. Papa alikuwa na kikombe chake cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, kinachochukua karibu nusu lita, na kila asubuhi alikijaza mara mbili. Vijiko vitano kila mara. Kahawa yenyewe Mama aliichemsha kwenye birika tangu moto unapowashwa mpaka uwanja unapomaliza kufagiwa, kisha akaichuja kwa kitambaa. Ilikuwa nyeusi, ilikuwa ya moto, na hakuna aliyewahi kuuliza kama ilikuwa nzuri. Ingekuwa sawa na kuuliza kama Jumatatu ni nzuri.

Kisha kidole kikubwa cha mguu wa kulia wa Papa kikapata kidonda kidogo, kazi ya kiatu, na kidonda kikakataa kufunga. Wiki ya nne muuguzi wa dispensari alimpima damu, akatazama kimashine chake, akakitikisa kama kalamu iliyoishiwa wino, akampima tena. Halafu akatuambia bila kupunguza sauti: sukari iko juu sana, vidonge ni kila siku, na mzee akiendelea na sukari hicho kidole kitakuwa cheusi. Kikiwa cheusi kinakatwa. Na mara nyingi, alisema, hakikatwi peke yake.

Papa alikuwa makanika wa depo ya reli miaka yote aliyokuwa na nguvu, na baada ya kustaafu aliendelea kwenda stesheni kwa miguu kila siku kuangalia kama kuna treni. Mara nyingi haikuwepo. Hilo halikumzuia. Abiria anaweza kubebwa mpaka kwenye behewa, lakini anayekwenda kuangalia treni isiyokuwepo hana ila miguu yake.

Aliacha bia siku hiyo hiyo. Aliacha soda. Alikubali hata bukari, ugali wetu, ipunguzwe kwenye sahani yake, jambo ambalo Mama alilitazama kama muujiza. Kwenye kahawa akasimama.

"Kahawa bila sukari njo dawa," alisema. "Na dawa nimekwisha meza asubuhi, vidonge viwili. Mnataka kuniua na dawa?"

Hapo ndipo nilipofungua kinywa. Nilisoma kemia Lubumbashi nikamaliza, nafundisha kemia kwenye sekondari isiyo na hata chupa moja ya maabara, na nina tabia, ambayo Mama anaiita ugonjwa, ya kutoamini jambo mpaka nilione kwa macho. Siku hiyo niliamini jambo moja nisilolipima: simu yangu ilikuwa imeniambia kwamba kahawa iliyotengenezwa vizuri haiombi sukari. Nikalisema kwa sauti ya darasani.

Papa alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," alisema. "Weye itengeneze. Siku nitakapoinywa hiyo kahawa, sukari ninaiacha. Mpaka siku ile, usiguse kijiko changu."

"Mnacheza kamari na mguu," Mama alisema, akaingia jikoni.

Chombo nilikuwa nacho tayari. Rafiki yangu alikuwa akiwapikia wageni wa shirika moja la misaada, na mradi wao ulipofungwa walipanda ndege wakaacha vitu. Wafanyakazi wakagawana. Wengine walipata friji, wengine magodoro. Yeye akaniletea birika la kioo lenye mfuniko wa chuma na fimbo katikati, kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka: halikai kwenye moto, na kwetu chombo cha jikoni kisichokaa kwenye moto ni pambo. Kwa Kifaransa wanaliita kafetiere ya pistoni. Neno la mwisho ndilo lililomwamsha Papa.

Alivaa miwani. Akapandisha fimbo, akaishusha, akageuza kichujio cha waya kilichofungwa chini yake, akapitisha kidole kwenye ukingo.

"Hii pistoni haina segimenti," alisema, kidole bado kikitafuta zile pete za chuma za ukingoni.

"Si ya injini, Papa. Inasukuma tu machicha chini."

"Kila pistoni ni ya injini," alinijibu, akanirudishia.

Jaribio la kwanza nilitumia kahawa ya Mama, laini kama unga wa muhogo, na maji yaliyokuwa bado yanatokota. Nilisubiri, nikasukuma. Fimbo haikushuka. Nikasimama, nikaiegemea kwa mikono miwili. Ikakataa, ikakataa, halafu ikakubali yote mara moja: kahawa ilipanda pembeni mwa mfuniko, ikaruka mpaka kwenye kalenda ya kanisa ukutani na kwenye kitenge cha Mama.

"Presha," Papa alisema kutoka kwenye kiti chake, amefurahi kabisa. "Kitu kikikataa, kwanza unakiuliza kwa nini."

"Nilikuwa nakiuliza."

"Na mikono mbili?"

Nilisoma zaidi. Unga laini unaziba kichujio. Kahawa ya namna hii inatakiwa iwe na chembe nene, kama chumvi ya mawe. Nikanunua kahawa mbichi sokoni kwa mama mmoja anayeleta mizigo kwa boti kutoka Uvira, kaskazini mwa ziwa, nikaikaanga juu ya mbabula, jiko la makaa, mpaka ikaanza kupasuka, nikaipepeta, nikaitwanga. Kinu tulikuwa nacho kimoja. Kimetwanga sombe, majani ya muhogo, tangu kabla sijazaliwa, sombe pamoja na vitunguu na pilipili yake, na nilikiosha mara mbili nikaona imetosha.

Papa alikunywa kidogo, akanusa kikombe.

"Mutoto wangu," alisema, "hii kahawa jana ilikula nini?"

Nikaachana na kinu. Nikatandaza kahawa kwenye sinia na kuiviringishia chupa tupu ya bia, mara nyingi, kwa uzito wa mikono, mpaka ikavunjika vizuri. Kisha nikaipitisha kwenye chekeche la unga ili vumbi lianguke na chembe nene zibaki juu. Nikajifunza kuondoa maji motoni na kuyaacha yatulie kwanza. Nikajifunza kumwaga kidogo, kungoja kahawa ivimbe, ndipo nimwage yaliyobaki. Dakika nne kwa saa ya simu. Kukoroga tabaka la juu likavunjika, kuondoa povu kwa kijiko, kushusha fimbo polepole kwa mkono mmoja, kumimina yote papo hapo ili isizidi kuwa chungu ndani. Niliandika kila kitu kwenye daftari: vijiko, dakika, rangi ya mbegu. Wanafunzi wangu hawajawahi kuona jaribio hata moja la kemia, na mwalimu wao alikuwa anafanya mawili kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Baada ya wiki mbili harufu ilikuwa imefika mahali ambapo watu waliokuwa wanapita barabarani walipunguza mwendo. Mdomoni, hakuna kitu. Ilikuwa kama mgeni anayebisha hodi kwa nguvu, na akishakaribishwa hana la kusema.

Hata hivyo Papa alisema "nzuri" kila asubuhi, na kwa ahadi yake mwenyewe akawa anapewa kikombe bila kijiko. Nashuku kila kitu, lakini sifa huwa nazishuku mwisho.

Sisimizi ndio walionifungua macho. Asubuhi moja waliteremka ukutani kwa mstari mmoja mzuri, wakapita juu ya msumari, wakaingia kwenye mfuko wa koti la Papa la reli. Ndani nikakuta karatasi iliyokunjwa vizuri, mara nne, imejaa.

"Papa, hii njo nini?"

Aliitazama kama anaiona kwa mara ya kwanza. "Chumvi."

"Chumvi inaita sisimizi?"

"Sisimizi wa siku hizi, nani anawajua."

Siku hiyo hiyo Mama alikuwa amefungua bendeji. Aliniita kwa mkono tu. Ukingo wa kidonda, uliokuwa mwekundu, ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu. Tulisimama wote wawili tunakiangalia kile kidole kama watu waliosimama mbele ya mlango wa biro ya serikali wakingoja kuitwa. Papa aliangalia dirisha.

"Ulinidanganya," nilimwambia. "Kila siku ulisema nzuri."

"Weye ulianza," alisema. "Ulisema kahawa nzuri haiombi sukari. Hii yako ina harufu ya kwenda mpaka Ulaya, ukiitia mdomoni haifiki hata stesheni ya Nyunzu. Nifanye nini? Nikwambie? Ulikuwa unaandika katika kitabu kila siku. Nilikuhurumia."

Nilikasirika, hasa kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nikaleta daftari, nikamsomea yote niliyobadilisha: mbegu, moto, chembe, muda, kiasi. Hakuna nilichoacha. Papa hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameinua birika la Mama la kuchemshia maji, ameingiza kidole ndani, na anakwaruza. Kilitoka kigamba cheupe, kigumu, kama ganda la yai.

"Maji ulibadilisha?"

"Maji ni maji, Papa."

Hilo ndilo jibu nililompa mzee wa depo, mimi mwenye diploma ya kemia. Na ndilo ninalowasomea wanafunzi wa mwaka wa kwanza waandike: maji safi hayana rangi, harufu wala ladha. Nimelisoma mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa nimeliamini.

"Sisi hatukuwekaka maji ya ziwa katika radiatere ya lokomotive," Papa alisema. "Hata siku moja. Yanaacha gamba, mabomba yanaziba, mashine inapata homa. Tulikuwa tunakinga ya mvua. Kila depo ilikuwa na tangi yake chini ya bati."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unauliza simu."

Mtaani kwetu maji yote hutoka ziwani. Tunayanywa, tunayapikia, tunayaoga, na tukifika mji mwingine tunasema maji yao hayana ladha. Ziwa letu lina magadi. Asidi ya kahawa, ambayo ndiyo ladha yake, ikikutana na magadi inazimika. Ni kemia ya mwanzo kabisa. Ningeweza kuiandika ubaoni nimefumba macho, na bila shaka nimewahi kuiandika nimefumba macho.

Mvua ilinyesha siku ya pili yake, mchana. Nilikuwa nimeshika bidoni, dumu la maji, tayari mlangoni, Papa akanizuia: mvua ya kwanza inaosha bati, inabeba vumbi na mavi ya njiwa, hiyo ni ya kumwagilia mchicha. Tulingoja. Alipoona maji yanayoanguka yamekuwa meupe, akatoka mwenyewe, mguu wa kulia umefungwa ndani ya mfuko wa plastiki mpaka gotini, akaanza kupanga mabeseni chini ya bati kwa mpangilio aliojua yeye.

"Ingia ndani!" Mama alipiga kelele. "Unataka kukatwa mguu kwa mvua?"

"Niko kazini!" Papa alijibu.

Niliyachemsha yale maji, nikafanya kila kitu kama nilivyokuwa nafanya. Chembe zile zile, dakika zile zile. Papa alikunywa. Akanywa tena, akaiweka ulimini kidogo kabla ya kumeza, kama anavyofanya akionja mafuta ya mawese kabla hajanunua.

"Iko na uchachu," alisema. "Kama tunda. Hii inasema kitu."

Koti lilikuwa limetundikwa nyuma yake. Hakugeuka.

Ningependa hadithi iishie hapo, na ningekuwa mwalimu mbaya kuliko nilivyo. Maana mambo mengine yalibadilika wakati ule ule, na kwenye jaribio, hilo ni kosa. Kafetiere ile inatoa bilauri tatu ndogo, basi. Papa, akishapata kitu cha kujivunia, hawezi kukaa nacho peke yake, na kwetu huwezi kunywa kitu mbele ya mtu bila kumwambia karibu. Wiki ile ile wazee wenzake wa reli na wa bandari walianza kufika asubuhi, wanne, watano. Bilauri tatu zikagawanywa kwa watu sita. Mtu aliyekuwa anakunywa lita nzima yenye vijiko kumi vya sukari sasa alikuwa anapata kahawa ya kulowesha sharubu.

Kati ya wazee hao, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka alikuwa rafiki wa Papa aliyeendesha winchi bandarini. Siku ya kwanza aliangalia bilauri yake, akaangalia meza.

"Sukari iko wapi?"

"Hapa kwangu hakuna sukari," Papa alisema.

"Imeisha?"

"Imekatazwa. Inaharibu ladha."

"Weye?" Mzee wa winchi aliweka bilauri chini. "Weye uliyekuwa unakula sukari na kijiko, kama uji? Umeokoka?"

Wengine walicheka mpaka mmoja akakohoa. Papa hakucheka. Aliwaeleza habari ya maji, gamba, radiatere, na chembe za kahawa, akiwaonyesha pistoni kwa mkono. Tangu siku hiyo alihubiri kila asubuhi, na karatasi iliyokunjwa mara nne haikuonekana tena. Najua kwa sababu niliwauliza sisimizi.

Baada ya mwezi na nusu tulirudi dispensari. Muuguzi alipima, akatikisa kimashine chake, akapima tena. Sukari ilikuwa imeshuka. Kidonda kilikuwa kimekauka, na ngozi mpya, ya rangi ya waridi, ilikuwa inaingia kutoka pembeni.

"Mzee, umefanya nini?"

"Maji ya mvua," Papa alisema.

Muuguzi alikuwa ameshageukia mgonjwa mwingine. Lakini kwenye benchi walikuwepo watu wanaosikia vizuri. Jumapili baada ya ibada mama wawili wa kwaya walifika kwetu na chupa tupu, wakaomba, kwa heshima zote, maji kidogo ya Papa. Jumatatu walifika wengine. Mmoja alitaka kujua kama anaweza kumpelekea shemeji yake wa Kabalo, au kama yakipanda treni yanapoteza nguvu.

Ningeweza kusema ukweli siku ile ya kwanza. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikamwangalia Papa, ameketi na mguu wake juu ya kigoda, anawaeleza wale mama jinsi ya kungoja bati lioshwe kwanza, na nikafikiri: akiamini maji, hatagusa sukari. Kwa hiyo nikawaambia tu wasiache vidonge vyao, nikajaza chupa zao. Watu niliosoma nao Lubumbashi, tuliokuwa tunawacheka wauza maji ya maombi, wangeniona wangekaa chini kwa kicheko.

Mvua ziliisha mwezi wa tano, kama kila mwaka. Bidoni zilikuwa sita, na kwa kuwa Papa aligawa kwa mkono mkunjufu, wiki ya kwanza ya Juni ilibaki chini ya moja, kisha hakuna. Sikuwa na la kufanya ila kuchota ya ziwa. Asubuhi hiyo nilitengeneza kahawa kwa uangalifu wote niliokuwa nao, nikamimina, nikanyamaza.

Wazee walikunywa. Mzee wa winchi alikuwa wa kwanza kuweka bilauri chini. Aliingiza mkono kwenye mfuko wake mweusi wa plastiki, akatoa kopo la sukari pamoja na kijiko, akaliweka katikati ya meza taratibu kabisa, kama mtu anayeshusha shehena.

"Mchungaji," alimwambia Papa, "maji yako yamekwisha. Nilikuwa nahesabu bidoni. Leo tunywe kama watu."

Papa aliangalia lile kopo. Nilimwona anafikiri, na niliona vizuri kabisa njia aliyokuwa anapita, kwa sababu mimi ndiye niliyemfungulia: kama kilichomponya ni maji ya mvua, na maji ya mvua hayapo mpaka Oktoba, basi kazi ya kuponya imesimama, na mtu anaweza kula sukari yake mpaka Oktoba. Ilikuwa hoja nzuri. Haikuwa na kosa hata moja isipokuwa mwanzo wake.

"Mwalimu," aliniita. Huwa haniiti hivyo. "Ni maji ao si maji?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Nikasema: "Si maji, Papa."

"Si maji?"

"Maji yalifanya kahawa kuwa tamu. Kidole hayakukigusa. Kidole kimepona kwa sababu ya vidonge, na kwa sababu weye uliacha sukari. Peke yako. Miezi mitatu."

Mzee wa winchi alicheka. "Sasa unamwambia!"

"Na wale mama uliowapa chupa?" Papa aliniuliza.

"Nilidanganya. Nitaenda kuwaambia."

"Utaenda leo."

"Leo."

Aligeuza bilauri yake juu ya meza, mara moja, mara mbili. Sijui alikuwa anapima nini. Najua tu kwamba mimi nilikuwa napima kidole, ngozi ile mpya ya waridi ndani ya ndala, na kwamba kama angenyoosha mkono kwenye kopo nisingekuwa na neno lingine la kumzuia. Nilikuwa nimeyamaliza yote, ya uongo na ya kweli.

Papa aliinua bilauri yake. Akanywa mpaka chini, kahawa ya maji ya ziwa, bapa, isiyosema kitu, na uso wake ukajikunja kama wa mtoto anayepewa kwinini.

"Mbaya," alisema. "Mbaya sana." Akasukuma kopo la sukari kwa kidole kimoja mpaka likafika upande wa rafiki yake. "Tia yako. Miguu yako mizima."